Beringi za Gari ya Bi Mwatum

Soud Kificho hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, na Soud tangu azaliwe alikuwa hajavunja hata bilauri. Yeye milango alifunguliwa, akakaribishwa, akaandaliwa chai, na alipotoka watu walimsindikiza mpaka njiani wakimwombea dua. Hasara yao waliigundua baadaye, yeye akiwa ameshafika mbali na chai yao tumboni.

Mjini Wete walimwita Fundi Soud. Ufundi alikuwa nao, tena wa kweli. Aliusomea Tanga miaka minne chini ya matumbo ya malori, na lau angekuwa na uaminifu robo ya ule ufundi wake, angekuwa na gereji ya mawe na chokaa badala ya lile banda la makuti alilokuwa nalo karibu na soko. Lakini Mola hampi mja vyote, na Soud alipopewa mikono na ulimi, akaona yatosha.

Bahati ilimjia mwaka wa hamsini na tisa, katikati ya kipupwe. Mikarafuu ilikuwa imebeba hadi matawi yanainama, na kila mtu akijua kuwa baada ya wiki chache wachumaji watatoka Micheweni na Konde kwa mamia kwenda mashambani, na wote watataka gari. Asubuhi hiyo Jecha, dereva wa gari ya abiria ya Micheweni, alisimama mbele ya banda, akazima injini, akashuka taratibu kama kawaida yake. Jecha alikuwa mtu wa taratibu katika kila jambo, pamoja na kufikiri.

"Sabalkheri, Fundi."

"Sabalkheri, Jecha. Poleni na msiba, bwana. Nasikia mwenyewe yumo edani bado."

"Yumo. Zimebaki siku arubaini na tatu. Kanambia nije nibadilishiwe oili. Marehemu alikuwa akibadilisha mwenyewe pale uani, mie kazi hiyo siijui."

Soud akaweka kikombe chake chini. Gari ile ilikuwa mali ya Bi Mwatum, aliyeinunua kwa karafuu za mikarafuu aliyoachiwa na babake kule Mtambwe. Mumewe Khatib ndiye aliyekuwa akiiendesha na kuitengeneza, mpaka homa ilipomchukua. Sasa palikuwa na mjane aliyefungiwa nyuma ya pazia, dereva asiyejua oili inaingilia wapi, gari yenye bodi imara ya mbao, na msimu mkubwa mlangoni. Soud alihisi viganja vinamuwasha.

"Marehemu alikuwa akitia oili namba ngapi?"

"Namba siijui. Nzito. Ikimiminwa yenda kama asali."

Soud akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akasugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada. Ilikuwa namba hamsini, nzito kweli kweli. Gari zote za pale Wete zilikuwa zikitiwa arubaini. Akacheka moyoni. Aliona ni ushamba tu wa mtu wa Micheweni, aliyedhani kuwa kizito ndicho kilicho bora.

"Jecha, nkuulize kitu. Kipupwe hichi, mkeo akiamka alfajiri akataka mafuta ya nazi ajipake, humimina?"

"Hamimini. Yameganda. Huchokoa kwa kidole."

"Ahaa! Na gari yako yaamka saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Basi nambie, injini ina kidole?"

Jecha akaitazama injini, akaionea huruma. Miaka yote ile ilikuwa ikiamshwa na baridi, nayo haina kidole.

Hapa msomaji asimcheke Jecha, maana Soud alikuwa amemwambia kweli nusu, na nusu ya kweli ndiyo mtaji wa watu wa kazi yake. Ndani ya injini mna krenki, mti wa chuma unaozunguka siku nzima, na krenki imeshikwa na beringi, vipande vya madini laini vilivyoikumbatia kama viganja. Krenki na beringi havigusani. Katikati yake pampu husukuma oili, na oili hiyo hufanya utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, krenki ikaelea juu yake. Ni kweli kwamba oili nzito mno huchelewa kufika asubuhi. Lakini oili nyepesi mno injini ikipata moto hugeuka maji, utando ukapasuka, chuma kikakutana na mwenzake, na hapo ndipo injini huanza kugonga. Nusu hiyo ya pili Soud aliibakisha kifuani, mahali anapoweka akiba zake.

Akaimwaga ile hamsini kwenye debe, akatia namba ishirini, na Jecha alipogeuka kumsalimia mtu, akaongeza nusu chupa ya mafuta ya taa. Mpango ulikuwa mwepesi kama oili yenyewe. Gari itagonga siku mbili tatu, fundi ataitwa, fundi atasema injini imekufa, na kwa moyo wake mwema atainunua kwa bei ya vyuma chakavu. Akishaimiliki atamwaga uchafu wake, atatia arubaini, gari itanyamaza, na msimu wote wa karafuu utakuwa wake.

"Debe hilo nipa," Jecha akasema. "Bi Mize, shangazi yake Bi Mwatum, kanambia nsiiwache oili kuukuu. Nguzo za banda lake zaliwa na mchwa."

"Chukua, bwana. Mchwa nao wana haki yao," Soud akajibu, akamfungulia na mlango wa gari.

Siku ya tatu gari ilipita sokoni ikigonga. Soud mwenyewe alishtuka, kwa vile ilivyogonga kwa nguvu kuliko alivyotarajia: ngo, ngo, ngo, mpaka kuku wakatawanyika. Akajipongeza kwa kipimo chake cha mafuta ya taa. Akavaa kanzu safi, akatia kofia, akapanda gari ile ile mpaka Micheweni kwenda kutoa pole.

Nyumba ilikuwa ya udongo na mawe, mlango wa chumba umetundikwa pazia la kitambaa kizito. Bi Mize, bibi mkavu mwenye macho yasiyopepesa, alikaa mbele ya pazia akisuka ukili. Kila neno lililopita pale lilipita mbele yake kwanza.

"Kaa hapo mkekani, baba. Pazia usilikaribie."

"Mungu aniepushe, Bi Mize. Bi Mwatum, pole na msiba. Khatib alikuwa ndugu yangu."

"Ndugu wa wapi?" akauliza Bi Mize.

"Wa spana, Bi Mize. Undugu wa spana hauandikwi."

Nyuma ya pazia sauti ikasema ahsante. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliyechoka kulia, na Soud aliposikia vile alijua kazi imeshakuwa. Akashusha pumzi, akasema kwa masikitiko kuwa gari, ole wake, beringi zimekwisha na krenki imechoka.

"Beringi ndo nini, Fundi?"

Soud akaeleza. Hakuna kitu alichokipenda kama kueleza ufundi kwa mtu asiyejua. Akaeleza viganja, akaeleza utando, akaeleza pampu na vitundu vinavyopitisha oili, mpaka akajisahau kidogo akawa anasema kweli tupu.

"Kumbe!" sauti ikasema. "Subhanallah. Na mie nilidhani oili ni ya kung'arisha tu."

"Wengi hudhani hivyo, Bi. Sasa gari hino haina wa kuinunua. Lakini mie, kwa ajili ya marehemu, ntaichukua kwa bei ya vyuma. Nife njaa mie, lakini mjane wa Khatib apate cha kumsitiri."

Bi Mize akaacha kusuka. Kisha sauti ikasema, "Mungu akulipe, Fundi. Ntakuuzia. Lakini karatasi ya gari husainiwa afisini Wete, na mie sivuki kizingiti mpaka nitoke edani. Wangojea?"

"Nangojea hata mwaka! Lakini gari isitembee, Bi."

"Kwa nini isitembee? Si ushasema imekufa?"

"Imekufa, ndiyo, lakini..."

"Maiti haumwi. Jecha ana watoto, na watu wana safari zao. Iende hivyo hivyo mpaka ikome yenyewe. Wewe si wanunua vyuma, Fundi? Vyuma vyapungua?"

Bi Mize alikuwa akimtazama bila kupepesa.

"Havipungui," Soud akasema.

Kuanzia siku hiyo raha ikamtoka. Kila asubuhi gari ilipita mbele ya banda lake imejaa watu, mbuzi na vikapu vya pweza, ikigonga, na kila ngo ilimpata Soud kwenye mbavu. Aliiona ni gari yake. Usukani wake, tairi zake, krenki yake, na vyote vikichezewa na mtu mvivu wa kufikiri. Kumwambia Jecha atie oili nzuri asingeweza, maana gari ingenyamaza na Bi Mwatum asingeuza. Kuiacha na maji yale vilevile hakuweza, maana angekuja kununua vyuma kweli. Alitaka gari isikike kama mgonjwa na iwe nzima, na hilo hata waganga wa Pemba hawajapata dawa yake.

Akaenda dukani kwa Devji kununua oili, akaishika, akairudisha. Devji aliuza kila kitu kuanzia mchele hadi mabomba, na macho yake yalikumbuka kila kilichotoka dukani.

"Soud bwana, mbona wahangaika? Juzi umenunua mafuta ya taa, na taa huna."

"Nimenunua taa, Devji."

"Kwa nani? Taa Wete nzima nauza mimi."

Soud akaondoka bila kuaga.

Ijumaa Jecha alipoingia msikitini, Soud alijilaza chini ya gari, akalegeza nati, akapokea oili kiganjani. Oili ilikuwa ikimetameta chenga za madini, kama magamba ya dagaa. Alipofungua zaidi, akaona beringi moja imelika mpaka karibu na mgongo, na nyingine njiani. Alijua maana yake. Beringi ikimalizika, krenki huanza kukwaruzwa, na krenki ya gari ile haikupatikana Tanga wala Mombasa, ingebidi iagizwe Ulaya na kungojewa mpaka karafuu zianguke zenyewe.

"Nimeiua mwenyewe," akajisemea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimhurumia mtu aliyetapeliwa, kwa kuwa mtu huyo alikuwa yeye.

Mtu mwingine angeiacha hasara ile pale pale. Lakini Soud alikuwa ameshauhesabu msimu ule kuwa wake, amekwisha kuvaa kwenye fikra zake suti ya gabadini na kukaa barazani wengine wakimfanyia kazi. Akarudi kwa Devji, akauza baiskeli yake, na Devji akampelekea barua jamaa yake wa Tanga. Baada ya siku kumi na mbili jahazi likaleta kijisanduku kizito kilichofungwa kwa karatasi ya mafuta, na ndani yake seti nzima ya beringi mpya.

Akarudi Micheweni, akaketi kwenye mkeka ule ule.

"Bi Mwatum, nimeona gari yako ina uchafu, na marehemu alikuwa msafi. Ruhusa yako niioshe injini. Bure."

"Bure?" akasema Bi Mize.

"Bure, kwa ajili ya thawabu."

"Allah akujaalie, Fundi," sauti ikasema nyuma ya pazia, na kwa jinsi ilivyotetemeka Soud alidhani mjane anazuia kilio.

Siku mbili alilala chali kwenye jamvi uani, Bi Mize akimletea chai na muhogo wa kuchemsha. Na hapa lazima Soud apewe haki yake: kazi ile aliifanya kwa mapenzi. Alisafisha kila kitundu cha kupitishia oili kwa waya mwembamba na kitambaa, akapulizia, akatazama mwanga. Alipozishika beringi mpya, zinang'ara, ulimi wake wote ulinyamaza. Alipoanza kuzifunga, sauti ikatoka dirishani, nyuma ya kitambaa.

"Fundi, umezipaka oili kabla ya kufunga?"

Soud akagonga kichwa chake kwenye chesisi. "Kupaka nini, Bi?"

"Sijui mie. Hivyo vitu unavyovisafisha. Hata kinyozi hupaka povu kabla ya wembe."

Alikuwa ameshazipaka, kwa kuwa fundi wa kweli haizungushi krenki kavu hata mzunguko mmoja. Lakini aliwaza kidogo, kisha akaona wanawake hupenda kusema sema. Akatia namba arubaini, ya pesa yake, akawasha. Injini ikaimba. Haikugonga, haikukwaruza, ilikuwa kama imetoka kiwandani. Soud akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka, maana gari iliyoimba hivi nani atamuuzia kwa bei ya vyuma? Akafungua kifuniko cha juu, akalegeza tapeti, vile vyuma vidogo vya kufungulia valvu, moja baada ya moja mpaka zikaanza kupiga kelele: tak, tak, tak, tak. Kelele tupu, zisizodhuru kitu kwa wiki mbili tatu.

Jecha akaja, akatega sikio. "Bado yagonga, Fundi."

"Si nlikwambia imekufa?"

"Lakini kwanza ikigonga chini. Sasa yagonga juu."

"Ugonjwa umepanda," Soud akasema, akanawa mikono.

Habari ya fundi aliyemfanyia mjane kazi siku mbili bila kuchukua senti ilienea Micheweni kabla hajamaliza kunawa. Ijumaa iliyofuata imamu alimwombea dua mbele ya watu, akamtaja kwa jina la babake. Soud alikaa safu ya tatu ameinamisha kichwa, na watu wakaona ni unyenyekevu.

Siku ya eda kwisha, wanawake walimwogesha Bi Mwatum, wakamfukizia udi, akavaa buibui, akavuka kizingiti. Soud alikuwa ameshafika kwa gari ya asubuhi, karatasi ya mauziano iko mfukoni, imeandikwa kwa hati nzuri. Uani walijaa jirani waliokuja kumpongeza mjane, na imamu naye alikuwapo. Soud alikuwa amemfikiria Bi Mwatum kuwa ajuza. Aliyetoka alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, macho makavu kabisa, na mikono yenye makovu madogo madogo kwenye vifundo vya vidole. Makovu yale Soud aliyajua, maana alikuwa nayo yeye mwenyewe. Ni ya spana ikiponyoka.

"Marahaba, Fundi," akasema kabla Soud hajaamkia. "Kabla hatujakwenda afisini nataka kuisikia gari yangu. Jecha, iwashe."

Tak, tak, tak, tak. Bi Mwatum akaizunguka, akasimama mbele ya injini, akamwita Soud kwa kidole. Watu walisimama mbali, na mlio wa injini ukawaziba masikio.

"Fungua kifuniko, Fundi. Kaza tapeti."

"Tapeti, Bi? Nani kakwambia habari za..."

"Khatib alikuwa akiitengeneza gari hino uani hapa kila Ijumaa, miaka tisa. Nani unadhani akimpa spana? Beringi hugonga chini, kwa sauti nzito. Tapeti hupiga juu, kama mtu anayetafuna bisi. Kaza, watu wanatutazama."

Soud akazima injini, akafungua, akaanza kukaza. Mikono ilikuwa ikifanya kazi yenyewe, kichwa kiko pengine, nao wakasema kwa kunong'ona.

"Umejua tangu lini?"

"Jecha kaniletea tambara alilofutia kijiti. Nkanusa. Nyumba nzima ikanuka mafuta ya taa. Na hadithi yako ya mafuta ya nazi kaniletea pia. Fundi, mafuta ya nazi asubuhi ni jiwe na adhuhuri ni maji, na injini haikai asubuhi siku nzima. Uzito wa mafuta mtu huuchagua kwa moto utakaoyapata, si kwa baridi iliyoyalaza. Hilo kila mwanamke aliyepika mafuta kisiwani hapa alijua kabla hujaenda Tanga."

"Basi kwa nini hukunifukuza?"

"Nikufukuze halafu nipate wapi fundi, mie nimo edani? Beringi zile zilikuwa zimekwisha tangu Khatib yu hai. Ndiyo maana akatia hamsini, nzito ijaze nafasi, gari inyamaze mpaka tuagize nyengine. Maradhi yakamuwahi. Nkabaki na gari mbovu, msimu waja, na sina mwanamme wa kumtuma ng'ambo. Kisha ukaja wewe na kanzu yako."

Spana ikamponyoka Soud, ikamchubua kidole. Alikuwa amesema uongo kwamba beringi zimekwisha, na kumbe zilikuwa zimekwisha kweli.

"Na wewe ukaiacha itembee na maji yangu yale! Krenki ingekatika!"

"Ile oili ya mchwa ilirudi injinini siku ile ile uliyoondoka, nusu kwa nusu, Jecha akimimina na mie nikimwelekeza dirishani. Na Jecha nlimwambia asiipe mbio. Sina gari ya kuchezea, Fundi. Nlitaka iendelee kuishi na iendelee kusema, mpaka wewe uone huruma. Nlijua utaona. Mtu hakosi huruma na mali yake."

Soud akafunga kifuniko. Kabla hajajizuia akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa imamu: "Na beringi zangu je?"

Bi Mize akasogea hatua mbili. "Beringi zako zimefanya nini, baba?"

Soud akawatazama. Akafikiria jinsi atakavyoieleza. Kwamba ametia beringi mpya kwenye gari aliyosema imekufa, ili ainunue kwa bei ya vyuma, baada ya kuitilia mafuta ya taa. Imamu alikuwa akimtazama kwa mapenzi. Dua ya Ijumaa ilikuwa bado mbichi.

"Beringi zangu," akasema polepole, "zimo ndani ya gari. Nimezitoa sadaka."

"Mashallah!" watu wakapiga kelele. Mzee mmoja akaanza kulia. Bi Mwatum akainamisha kichwa mbele ya wote, akasema kuwa kwa sadaka kama hiyo haitakuwa adabu kuiuza gari, ataiweka iwabebe wachumaji msimu huu, na kila atakayeipanda ataambiwa ni wema wa Fundi Soud. Jecha akawasha. Gari ikaimba, na safari hii kila mtu aliisikia.

Gari ya kurudi Wete ilikuwa hiyo hiyo, na nyingine haikuwapo. Soud akapanda. Bi Mwatum akachungulia dirishani.

"Jecha, Fundi akae mbele, ni mgeni wetu."

"Haya, Bi."

"Na mtoze nauli ya mbele."

Soud akalipa. Njia nzima watu walimwita jina lake, wakampa ndizi, wakamtania kuwa peponi ataingia kwa spana mkononi. Alikuwa na hasira, na aibu, na njaa, na kitu kingine ambacho hakukitaka. Kwenye mlima wa mwisho kabla ya Wete, gari ikiwa imejaa hadi juu ya bodi, injini ilipanda bila kunung'unika, laini na tulivu, na Soud akajikuta ameegemeza sikio. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile.

"Jecha," akasema, "Bibi kakwambia msimu ukianza utie namba ngapi?"

"Arubaini. Kasema hamsini ilikuwa ya beringi mbovu, na sasa ni mpya."

Soud akatazama barabara. Alitafuta mahali pa kukosoa, akakosa.

"Ndiyo," akasema. "Hiyo hiyo."